Uyoga na woga: kuchuma uyoga wa porini kwenye misitu ya miombo, na faida zake mwilini

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, mvua zimeshika huku magharibi, na kama ilivyo ada ya kila mwaka, wiki hii nimepokea picha tatu za uyoga kutoka kwa jamaa wanaoishi mjini, kila mmoja akitaka nimwambie kama unaliwa. Wote nimewajibu kwamba simruhusu mtu kula uyoga kwa kuuona pichani, na wote wameona nimewabania. Nimeanzisha uzi huu nieleze sababu zangu kwa utulivu, na nieleze pia ninachokijua juu ya chakula hiki ambacho, nikiwekewa mezani pamoja na kuku, kuku atasubiri.

Nimekulia kusini mwa Tabora, upande wa Sikonge, na mwalimu wangu alikuwa bibi mzaa mama. Bibi hakuwa na orodha ya uyoga mzuri na uyoga mbaya. Alikuwa na majina. Uyoga aliojua jina lake alijua pia unaota chini ya mti gani, mwezi gani, na unapikwa kwa muda gani. Uyoga asioujua jina aliupita kama anavyopita jiwe. Nikiwa na miaka tisa nilimletea uyoga mweupe, mnene, niliouokota karibu na kichuguu, nikiwa na hakika kwamba ni ule wa mchwa ambao tulikuwa tumeushiba juzi yake. Hakuukubali wala hakuukataa. Alichukua kijiti kilichochongwa ncha, akaniambia nimpeleke nilipoung'oa, akachimba taratibu kuzunguka shimo. "Mzizi wake uko wapi?" akaniuliza. Haukuwepo. Kilichobaki ardhini kilikuwa kipande cha kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, ambacho mimi nilikuwa nimekiacha kwa kuung'oa kwa pupa. Aliutupa mbali, akaninawisha mikono kwa majivu. Leo najua kwamba kuushika tu uyoga wenye sumu hakumdhuru mtu, lakini majivu yale yalinifundisha kuchimba kabla ya kung'oa.

Tuanze basi na huo wa mchwa, kwa sababu ndio mfalme wa porini kwetu. Kitaalamu kundi lake huitwa Termitomyces, na mkulima wake si binadamu. Mchwa wa jamii hii hula miti mikavu na majani, lakini hawawezi kuyamaliza wenyewe. Kinyesi chao hukijenga ndani ya kichuguu mfano wa sega, na juu ya sega hilo kuvu huota, huilainisha mabaki ya mti, na mchwa hurudi kuyala. Kilimo hicho kilianza Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Mvua ikilowesha ardhi vya kutosha, kuvu husukuma kutoka kwenye sega shina refu linalopenya udongo mgumu hadi juu, na ndiyo maana kofia nyingi za aina hii zina chuchu ngumu katikati, kama ncha ya mkuki, na ndiyo maana ukichimba unakuta mzizi mrefu unaoshuka kuelekea vyumba vya mchwa. Aina iitwayo Termitomyces titanicus, iliyoandikwa kitaalamu kutoka Zambia mwaka 1980, hufikia kofia yenye upana wa karibu mita moja, na mtoto anaweza kujikinga nayo mvua. Kinyume chake, Termitomyces microcarpus ni vidogo mno, huota kwa mamia kama punje za mahindi zilizomwagika, wala havina mzizi mrefu, kwa kuwa huota kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Kwa hiyo hata kanuni ya mzizi, nzuri kama ilivyo, haitoshi peke yake.

Kundi la pili huishi kwa kushirikiana na miti. Chini ya mtundu, muba na mkusu, nyuzi za kuvu huivika mizizi midogo ya mti, huuletea maji na madini, na mti nao huilipa kuvu sukari. Hapo ndipo wanapotoka wale wa rangi ya njano na ya machungwa, Cantharellus, ambao chini ya kofia hawana kurasa zilizotengana bali mikunjo butu inayoshuka kwenye shina. Hapo ndipo wanapotoka pia wale wanaotoa utomvu mweupe ukiwakata, na jamii ya Russula ambao shina lao huvunjika kama chaki. Uyoga huu haupandwi shambani. Mti ukikatwa kuchoma mkaa, uyoga wake huondoka nao, na mtu anayelalamika kwamba siku hizi uyoga hauoti kama zamani ahesabu kwanza matanuri ya mkaa yaliyo jirani yake.

Katika miti hiyohiyo ndipo kwenye mtego. Jenasi ya Amanita ina ndugu wanaoliwa na ndugu wanaoua. Amanita zambiana na Amanita tanzanica huliwa, na wapishi wa miombo wanaiheshimu. Lakini jenasi hiyohiyo ndiyo yenye Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya uliosafirishwa na miti ya kigeni hadi Afrika Kusini, ambao nusu ya uyoga mmoja inaweza kumuua mtu mzima. Kuna pia ule mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, unaoandamana na misonobari iliyopandwa. Mvua kubwa huyaosha madoa yake, na mtu akabaki na kofia nyekundu tupu inayofanana na za asili zinazoliwa. Watafiti kutoka Ufini wakiongozwa na Marja Härkönen, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka vijijini kwetu kwa miaka mingi wakiwauliza wachumaji wenyewe, na kitabu chao cha mwaka 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania kimejaa maarifa ya kina bibi. Nilipokiona kwa mara ya kwanza nilifurahi, na niliona wivu kidogo pia.

Sasa faida mwilini, ambako naona chumvi nyingi humwagwa. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Ukiukausha, kilo kumi hubaki kilo moja au pungufu, na katika gramu 100 za uyoga mkavu protini huwa kati ya gramu 15 na 35 kulingana na aina. Tarakimu hiyo ndiyo inayonukuliwa na wanaouita nyama ya maskini. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja. Sahani ya gramu 200 za uyoga mbichi ina takriban gramu 20 za kitu kikavu, yaani protini ya gramu tano hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kinaishinda mara mbili na zaidi. Tena, sehemu ya naitrojeni inayopimwa maabara na kuhesabiwa kuwa protini imo kwenye kaitini, ule ugumu wa ukuta wa uyoga ambao ni ndugu wa ganda la mdudu, na tumbo la binadamu haliusagi vizuri.

Faida za kweli zipo kwingine. Uyoga una vitamini za kundi B, hasa riboflavini na niasini, ambazo mlaji wa ugali wa sembe anazihitaji sana. Una potasiamu, na mara nyingi seleniamu. Una nyuzinyuzi, ikiwemo beta-glukani. Una mafuta kidogo mno, na hauna kolesteroli. Una pia egosteroli, ambayo ikipigwa na mionzi ya jua hugeuka kuwa vitamini D2. Bibi aliukata vipande na kuuanika juani kwa ajili ya kuutunza tu, kumbe alikuwa akiuongezea vitamini bila kujua. Kwa anayetaka kupunguza uzito bila kupunguza ladha ya mboga, hiki ni chakula chake.

Na upikwe. Uyoga wa porini usiliwe mbichi hata ule unaoujua vizuri. Sisi huuosha haraka usinywe maji, tunauchemsha hadi maji yake yenyewe yakauke, ndipo tunaweka kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa, na kuuacha kwenye moto mdogo mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea pembeni mwa chungu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa somo. Kwetu tumezoea kutia kitunguu saumu au sarafu ya fedha kwenye chungu. Vikibadilika rangi, tunamwaga. Wengine huangalia kama konokono au wadudu wameutafuna. Je, njia hizi unazikataa zote? Wazee wetu waliishi nazo na hawakufa.

Mwanzisha uzi

Nazikataa zote, ndugu yangu, bila kuwavunjia heshima wazee. Fedha hubadilika rangi ikikutana na salfa, na salfa imo hata kwenye yai. Sumu za uyoga haziigusi. Kitunguu saumu vilevile hakina habari. Konokono hutafuna Amanita phalloides na kwenda zake, kwa sababu mwili wake si kama wetu. Kuchemsha sana na kumwaga maji husaidia kwa aina chache zenye ukali, lakini amatoksini, ile sumu ya Amanita phalloides inayoua, haiharibiwi na moto, wala kwa kukausha, wala kwa kugandisha.

Wazee hawakufa kwa sababu hawakuwa wakichuma uyoga wasioujua. Kitunguu kilitiwa chunguni juu ya uyoga ambao tayari bibi alikuwa ameupitisha kwa jina, na sisi watoto tukakisifu kitunguu.

Kipimo kimoja naweza kukupa, nacho si cha kuamua ule au usile, bali cha kukuonyesha kosa lako. Kata kofia, iweke kurasa zikiangalia chini, juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta imechora kwa vumbi la mbegu zake. Uyoga wa mchwa huchora rangi ya waridi iliyofifia. Amanita huchora nyeupe. Na ule uitwao Chlorophyllum molybdites, mweupe wenye magamba ya kahawia juu, unaoota kwenye nyasi za bustani mijini baada ya mvua, huchora kijani. Huo wa mwisho haujulikani kwa kuua kama wale wa Amanita, lakini ndani ya saa moja hadi tatu humtapisha na kumharisha mtu hadi akatamani kulazwa. Mtu aliyezoea uyoga wa kijijini akiuona kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga hudhani kijiji kimemfuata.

Mchangiaji wa pili

Salamu kutoka Burundi. Naomba niongeze neno dogo, kwani linahusu kichwa cha uzi. Kwa Kirundi uyoga huitwa *ubwoba*, na *ubwoba* huohuo ndio woga. Nyinyi Waswahili mmetenganisha kwa herufi chache tu, uyoga na woga. Sisi hatukutenganisha, na mama yangu husema kwamba anayeuchuma bila huo wa pili asiulete huo wa kwanza jikoni kwake.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi, na naomba nizungumzie saa, kwa sababu watu wengi huja wakiwa wamechelewa kwa kudanganywa na saa.

Mtu akila uyoga na kuanza kutapika ndani ya saa mbili au tatu, mara nyingi, ingawa si mara zote, sumu ni ile ya tumbo, na akipewa maji ya kutosha hupona. Mwingine hutoka jasho jingi, mate na machozi, na mboni za macho zikawa ndogo. Huyo ana sumu ya muskarini na dawa yake ipo hospitalini, ni atropini. Anayenitisha ni yule aliyekula jioni, akalala vizuri, akaanza kuharisha alfajiri au kesho yake mchana, yaani baada ya saa sita na kuendelea. Huyo huenda amekula amatoksini. Ataharisha siku nzima, kisha atapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo. Wakati anakunywa uji na kuwashukuru waliomuuguza, ini lake linaendelea kuharibika, na siku ya pili hadi ya nne macho huwa ya manjano.

Niliwahi kushuhudia katika kituo kimoja mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani kwa sababu kuharisha kumekoma, na hakuna aliyeuliza alikula nini. Alirudi siku ya tatu akiwa amebebwa, na hatukuweza kumwokoa. Tangu siku hiyo, kila anayeharisha msimu wa mvua namuuliza habari za uyoga kabla sijamuuliza jambo jingine.

Kwa hiyo, ndugu zangu: mmoja wenu akiugua baada ya kula uyoga, wote mlioula pamoja nendeni hospitali, hata kama wengine mko salama. Chukueni mabaki ya chungu na maganda mliyoyatupa, na mkumbuke saa mliyokula. Msimpe mafuta ya mawese wala maziwa mkidhani yatakata sumu, maana mnachokata ni muda. Na mliochanganya aina mbili za uyoga kwenye chungu kimoja, msitulizwe na kutapika kwa mapema, kwa sababu aina ya pili inaweza kuwa bado haijaanza.

Mchangiaji wa nne

Nimemsoma muuguzi kwa masikitiko. Mimi naishi Iringa, na naomba kuuliza juu ya wale tunaowanunua barabarani kutoka kwa akina mama wenye ndoo. Je, ni salama? Pia kuna mtu ananiuzia vidonge vya uyoga mwekundu mgumu, anasema unaponya kisukari, presha na saratani.

Mwanzisha uzi

Akina mama wa barabarani kwa kawaida wanajua wanachouza, kwa kuwa wamelelewa nacho na watoto wao wanakila. Mimi hununua kwao, lakini muulize muuzaji jina la uyoga kwa lugha yake, na umuulize yeye mwenyewe anaupikaje. Asiyejua kuupika hakuuchuma yeye. Angalia pia kama ni wa leo. Uyoga uliokaa siku mbili ndani ya mfuko wa plastiki hutoa jasho, huanza kuoza, na humsumbua mtu tumbo hata ukiwa aina bora kabisa. Ununue kwenye kikapu, na uubebe kwenye kikapu. Usinunue uliochumwa ukingoni mwa barabara kuu au karibu na machimbo, kwa sababu uyoga hufyonza metali nzito kama kadimiamu, zebaki na risasi kuliko mboga nyingi. Ukiula kwa mara ya kwanza, ule kidogo, maana hata uyoga salama humkataa mtu mmoja mmoja. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze kwanza na daktari wake kuhusu potasiamu.

Kuhusu vidonge: huo unaouelezea yaelekea ni Ganoderma, uyoga mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo, ambao Wachina wameutumia katika tiba kwa karne nyingi. Siudharau. Lakini wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipozikusanya tafiti zilizofanywa kwa binadamu, mwaka 2015 hawakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa wenye kisukari aina ya pili, na katika uchambuzi wa mwaka 2016 kuhusu saratani walisema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza. Kama una kisukari, usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya kidonge hicho. Nikikushauri kama kaka, pesa ya chupa moja ya vidonge inatosha kununulia familia uyoga wa njano wa msimu mzima.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekubali kuhusu kitunguu, mkuu. Swali langu la mwisho: mbona huu wa mchwa haulimwi, kama unavyolimwa ule uyoga wa mamama (Pleurotus)? Ungetupunguzia hatari zote hizi.

Mwanzisha uzi

Mamama hukubali maranda, mabua ya mpunga na makapi ya pamba, kwa sababu kazi yake porini ni kuozesha mti uliokufa. Mpe mti uliokufa ndani ya mfuko, ataota. Huu mwingine unataka mchwa. Unataka sega lao, usafi wao wa kung'oa kila kuvu ngeni, na joto la kichuguu linalokaa karibu na nyuzijoto 30. Maabara zimeweza kuotesha nyuzi zake, lakini kuufanya utoe kofia kwa biashara, bila kichuguu, bado.

Kinachowezekana ni kutouharibu. Watu wanaovunja kichuguu wakidhani wataukuta mwingi ndani hukuta sega lenye vitone vyeupe, basi, na mwaka unaofuata hawapati chochote. Jambo jingine ni hili, ambalo bibi alilifanya bila kulieleza: katika kila kundi aliacha uyoga mmoja au miwili iliyokwisha kufunguka na kuzeeka. Mimi nilidhani ni sadaka. Kumbe kumbikumbi wanaporuka na mvua za kwanza, kwa aina nyingi za mchwa huenda mikono mitupu bila kuvu, na watoto wao wa kwanza, wakishatoka ardhini wiki nyingi baadaye, hulazimika kuokota mbegu zilizodondoshwa na uyoga wa majirani ndipo waanze shamba lao. Kofia ile kuukuu iliyoachwa pale ndiyo inayowasubiri.

Kichuguu cha bibi bado kipo, nyuma ya shamba ambalo sasa ni la mjomba. Desemba iliyopita nilichuma kumi na moja, nikaacha miwili.